Galaksi za Njambi

Habari kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe ilimfikia Daktari Tabitha Kagwe Ijumaa asubuhi akila ndizi ofisini, na jambo la kwanza alilofanya ni kuimaliza ile ndizi. Msimshangae. Kuna watu wakipigwa hupiga kelele, na kuna wengine, kama huyu Tabby wetu, ambao walishapigwa zamani pigo lililowatia ganzi, na ukiwapiga tena wanakutazama tu wakingoja umalize.

Aliyeleta habari alikuwa mwanafunzi wake Kavata, msichana wa Kilimambogo mwenye sauti ndogo na maswali makubwa. Alikuwa amesimama mlangoni, kompyuta yake wazi mikononi kama sinia ya chai.

"Dokta, samahani. Si ulisema nikague zile Njambi za zamani? Kuna kitu sielewi."

"Kitu gani?"

"Njambi akilala anakuwa mzito. Akiamka ni mwepesi. Yaani ni kama amepoteza nusu ya mwili kwa usingizi. Sasa zile nyota zingine zimeenda wapi?"

Hapa ni lazima msomaji aelezwe Njambi ni nani, maana watu wawili wakiongea habari za mtu usiyemjua utachoka mapema.

Galaksi ni kijiji cha nyota. Kazi ya Tabby maishani ilikuwa kueleza jinsi vijiji hivyo vinavyojengeka, vinavyokua, vinavyomeza majirani zao, na vinavyozeeka. Kijiji cha nyota huishi kwa gesi baridi. Gesi ikiisha, hazizaliwi nyota mpya, na zile zilizopo huzeeka zikawa nyekundu, kisha zikafifia moja moja. Wataalamu walikuwa wamekubaliana kwamba galaksi ndogo ikishakauka hivyo, imekwisha. Ndipo Tabby, akisomea shahada ya udaktari ughaibuni, akajenga ulimwengu wa kuigiza ndani ya kompyuta, akauacha ukue wenyewe, na akakuta humo galaksi ndogo zilizozimika, zikakaa gizani muda ambao akili ya binadamu haiwezi kuubeba, kisha zikaanza kuzaa nyota upya. Makala aliyoandika iliwatikisa wakubwa. Darubini ziligeuzwa kuzitafuta, na kwa kuwa mtu aliyeambiwa kuna nyoka kwenye nyasi hakosi kumwona, wengine wakasema wameziona. Aliyegundua ndiye mwenye haki ya kutoa jina, naye akaziita Njambi. Hata leo Wajapani na Wajerumani wanafundisha habari za galaksi za Njambi, kila mmoja akilitamka jina hilo vibaya kwa namna yake.

Njambi ni mamake mzazi, mjane wa Mzee Kagwe, anayeishi Kiganjo pale Thika, akiwa hai na mwenye maneno yake.

Kwa Wakikuyu jina la mtoto halitungwi, linarudishwa. Msichana wa kwanza humrudisha mama wa mume. Wa pili humrudisha mama wa mke, na siku hiyo yule bibi husemwa amezaliwa, naye hutembea mtaani akijisikia mwepesi kwa sababu sasa yuko mara mbili. Tabby alipoolewa na Gachau walipata kwanza Shiko, akaitwa jina la upande wa Gachau kama ilivyo haki. Wa pili angekuwa Njambi. Na hakukuwa na njia nyingine ya Njambi kuzaliwa, maana Tabby alikuwa mtoto wa pekee.

Tabby alirudi nyumbani kujifungua, na huyo wa pili alifika siku zake zimetimia, katika hospitali moja hapo Thika, akiwa hana pumzi. Muuguzi aliuliza kama mama angependa kumwona. Tabby akageukia ukuta. Hakulia mtoto, hakulia mama. Daktari alisema kizazi hakitabeba tena, na Gachau na mamake Tabby ndio walioshughulikia mengine yote, naye hakuuliza. Kwa kuwa mtoto hakulia, hakuna aliyemtaja kwa jina lolote mbele ya Tabby. Akarudi ughaibuni mikono mitupu, akaketi mbele ya kompyuta yake, na hazikupita siku nyingi akaona katika ulimwengu wake wa kuigiza kitu kilichokufa kikiamka.

Nani, kwa hali ile, angekagua mara mbili?

"Hebu lete hapa," Tabby alimwambia Kavata, akafuta vidole vyake kwa karatasi.

Kwa kweli jambo la uzito alikuwa ameliona tangu zamani. Kwenye makala alilimaliza kwa sentensi moja, kwamba majirani wakubwa ndio wanaoinyonya galaksi iliyolala, na wakaguzi wa jarida wakaikubali sentensi ile kwa sababu iliandikwa kwa kujiamini. Sasa Kavata aliketi na kumwonyesha kwamba Njambi wengine hawakuwa na jirani hata mmoja wa kuwanyonya.

"Nikarudi kwa programu yako ya kwanza," alisema Kavata, macho yake kwenye meza. "Ile ulikuwa unaita galaksi kwa majina ya watu. Dokta, nilicheka, kwa sababu ni kama kwetu tu. Kwetu mimi ni Kavata na susu wangu, mama ya baba, ni Kavata. Mama akiita Kavata, sisi wote tunaitika. Lakini yeye anajua ni nani alikuwa anataka. Sasa hii mashine..."

Tabby alikuwa ameshaelewa.

Kompyuta ilikuwa ikipiga picha ya ule ulimwengu wa kuigiza hatua kwa hatua. Kazi ya Tabby ilikuwa kuziunganisha picha: galaksi hii ya sasa ni ipi kati ya zile za zamani, na wazazi wake ni akina nani. Wenzake walitumia namba ndefu kama za vocha ya simu. Tabby, kijana, mpweke katika nchi ya baridi, alichoshwa na namba, akazipa galaksi zake majina kwa utaratibu wa nyumbani. Mbili zikigongana zikazaa moja, ile mpya ilipewa jina la mzee wa upande mmoja. Ya pili yake, jina la upande wa pili. Mwenye jina akishazimika, jina lake lilirudi kwa wajukuu. Kazi ilipokaribia kuchapishwa akaiamuru kompyuta ibadili kila jina liwe namba moja, safi, ya kisomi. Jina moja, namba moja. Basi bibi na mjukuu wenye jina moja wakawa mtu mmoja mwenye maisha marefu: aliishi, akafa, akanyamaza sana, akafufuka akiwa mtoto.

Mwingereza asingekosea hivyo hata angelewa. Na wakaguzi wa mataifa yote walioipitia kazi ile waliona namba safi tu, wakaichukua miti yake ya nasaba, maana aliitoa bure kwa kila aliyeitaka, wakajenga juu yake.

"Asante, Kavata," Tabby alisema. "Umefanya kazi nzuri sana." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayemshukuru mwenye duka kwa kumfungia mkate.

Alijifungia siku nzima, akatenganisha majina. Kila alipomtenga bibi na mjukuu, bibi alibaki amekufa. Hapakuwa na hata Njambi mmoja aliyesimama. Alingoja kuona kama atasikia kitu, angalau aibu. Alisikia kiu, akanywa maji.

Nyumbani kwao, mtaa wa Kimbo, Gachau alikuwa akikaanga mayai aliposimuliwa. Gachau ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mpole, wa kupenda mambo yatulie.

"Utaiondoa hiyo makala?" aliuliza.

"Lazima. Kavata hawezi kuandika tasnifu yake juu ya uongo. Na kuna watu wanaendelea kujenga juu ya huo uongo."

"Sawa. Iondoe. Lakini mamako usimwambie." Alizima gesi. "Tabby, nakuomba. Yule mama ana presha. Na hiyo ndiyo kitu yuko nayo. Nani Kiganjo atasoma hizo makala zenu? Aendelee tu kujua yuko huko juu mpaka Mungu amchukue."

Maneno yale ndiyo Tabby aliyokuwa ameyabeba kutoka ofisini. Kupoteza sifa hakukumtisha. Sifa alikuwa ameivaa miaka yote kama koti la kuazima. Wanafunzi wake aliwahimiza kila muhula kwamba mficha uchi hazai, waonyeshe makosa yao mapema, na alikuwa tayari kuonyesha lake. Lililokuwa zito ni moja tu: kumfikia mamake, ambaye yeye Tabby alimnyima mtu wa kurithi jina hapa duniani, na kumwambia kwamba hata kule angani hayuko.

Lakini mama yule ana simu, ana wapwa vyuoni, na uongo una miguu mifupi. Ni heri alisikie kwa mtoto wake.

Jumamosi akaendesha gari mpaka Thika. Aliwakuta akina mama wa kanisa wamejaa uani, wakimenya viazi vya chakula cha kesho yake, sikukuu ya mavuno, na mamake katikati yao, kisu mkononi, akitawala.

"Haya, Dokta wa nyota amefika!" mama mmoja alipaza sauti, na wote wakainua visu kumsalimia.

Nduku, jirani wa miaka mingi aliyehamia hapo kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk, alimsogezea kigoda. "Keti, mwanangu. Hebu tuambie, Njambi mdogo anaendelea aje?"

Hivyo ndivyo walivyouliza siku zote. Mtu mwingine mwenye mtoto angeulizwa kama meno yameota. Tabby aliulizwa kama galaksi imekua.

"Anaendelea vizuri," alisema Tabby. Uongo ulitoka bila kumkwaruza koo.

"Bado anazaa nyota?"

"Bado."

"Ngai, ona uzazi!" Nduku alipiga makofi. "Na mwenye jina hapa miguu inauma. Mama Tabby, wewe umezaliwa vizuri kutuzidi. Sisi tumezaliwa hapa Makongeni na Ruiru, tunaitishwa karo. Wako haitishi kitu."

Wakacheka. Njambi akacheka nao, akamtazama binti yake kwa jicho la pembeni, jicho la mama ambaye ameshaona kitu na hasemi. Tabby alichukua kisu akamenya. Alimenya vizuri, maganda membamba, viazi vyake vikitumbukia kwenye karai kama vya mtu yeyote, na kila alipofungua kinywa aseme, "Mami, njoo kando," kilifungika chenyewe. Jua likapanda. Karai likajaa. Mmoja baada ya mwingine akina mama wakaaga, wakaenda kuvaa kwa ajili ya mazoezi ya kwaya.

Wakabaki wawili kwenye sakafu ya simiti nyuma ya nyumba, karibu na mfereji wa maji, wakiosha sufuria kubwa za kanisa kwa mchanga na sabuni.

"Haya sema," alisema Njambi. "Umemenya viazi kama mtu ako kortini."

"Mami, zile galaksi za Njambi."

"Zimefanya nini?"

"Hazipo."

Njambi aliendelea kusugua. "Zimekufa?"

"Hazikuwahi kuwepo. Nilikosea." Na akaeleza, kwa Kiswahili na Kikuyu, bila kupamba: majina, wazee, wajukuu, ile siku alipobadili majina kuwa namba. Mamake hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha nguo, kwenye mashine ambayo uzi mmoja ukikatika mtu husimamisha nguo yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo huyo aliamka," alisema hatimaye, "ni mjukuu."

"Ni mjukuu. Ni jina tu lililofanana."

"Na yule mkubwa?"

"Alikufa, Mami. Hakuamka."

"Si ndivyo inakuwanga." Njambi aliinamisha sufuria, akamwaga povu. "Sasa utafanya nini?"

"Jumatatu nawaandikia. Kila mtu atajua. Jina watalitoa vitabuni."

"Waandikie. Maji yakimwagika hayazoleki." Akafungua mfereji. "Na wewe usikonde. Makosa ya kuita watu majina hata mzee wa kanisa anafanya."

Tabby alimtazama mamake akisuuza. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa presha, kwa ukimya wa miezi. Hakuwa amejiandaa kwa hili, na kwa mara ya kwanza tangu jana kitu kilimwingia, nacho kilikuwa hasira.

"Mami, umenielewa? Ulikuwa unawaambia watu wote kanisani. Miaka yote. Ati umezaliwa mbinguni."

"Nilikuwa nawaambia."

"Sasa mbona hujali?"

"Nilikuwa nawaambia kwa sababu ulikuja hapa na magazeti, uso umewaka kidogo. Kidogo tu, lakini mimi ni mamako, niliona. Tangu ile siku ya hospitali sikuwa nimeona hiyo uso ikiwaka. Sasa ningesema nini? Niseme mimi sitaki kuitwa nyota?" Njambi alifunga mfereji. Aliikausha mikono yake kwenye gauni, polepole, kidole kwa kidole. "Hiyo ya juu ilikuwa yako, Tabby. Nilikubebea tu. Mimi mwenyewe sikuwa nangoja kuzaliwa. Mimi nilishazaliwa."

"Wapi?"

"Hapa hapa Thika. Wewe ulikuwa umegeukia ukuta."

Kule barabarani kijana wa bodaboda alikuwa akibishana na mtu. Tabby alisikia kila neno la ubishi ule.

"Muuguzi alikuuliza, ukakataa," Njambi aliendelea. "Akanitazama mimi. Nikanyoosha mikono. Kai, kwani ningefanya nini? Mtoto amefika na hakuna mtu wa kumpokea? Nikatoka naye kwa korido, nikakaa kwa ile benchi. Nikamwambia, wewe ni Njambi. Wewe ni mimi. Nikamwita mara nyingi, ndio asiende bila kusikia jina yake. Gachau alikuja, akamwita pia. Tukamzika kwa shamba, karibu na babako. Miaka yote nangoja uulize, na huulizi. Nikasema siku moja atauliza, akili yake ikirudi kutoka huko juu."

Tabby alikuwa ameshika waya wa kusugulia. Aliuona mkononi mwake, na maji meusi yakichuruzika hadi kwenye kiwiko. Alijua ni maji baridi kwa sababu yalikuwa ya mfereji. Miaka yote ile alidhani kwamba hakuna kitu nyuma ya ule ukuta alioutazama. Chumba tupu. Na kumbe nyuma ya mgongo wake kulikuwa na benchi, na bibi, na mtoto anayeitwa jina lake tena na tena.

Alitaka kusema pole, au asante, au kwa nini hamkuniambia. Kilichotoka ni kitu kingine, kwa sauti nyembamba ambayo hakuitambua.

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi!" Uso wa Njambi ukafunguka wote. "Wee! Nyingi mpaka hapa kwa masikio. Nyeusi ti. Zilikuwa zimelowa, nikazikausha na leso yangu, zikasimama."

Tabby akaketi chini, pale pale kwenye simiti iliyolowa, katikati ya sufuria za kanisa.

"Niambie mengine," alisema.